Haki ya Mwili wa Mwenye Kususa Chakula

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Jamaa zake, na Masahaba zake wote. Amma baad.



Maneno yetu ya Ijumaa ya leo yanatokana na swali tuliloletewa na vijana wanaosoma vyuoni hapa Dodoma. Wameuliza hivi: mtu aliyefungwa, au aliyedhulumiwa, akaapa kuwa hatatia chakula kinywani mpaka asikilizwe, sheria yetu yasemaje juu yake? Akizimia, ni nani mwenye amri juu ya mwili wake: ni yeye mwenyewe, ni jamaa zake, ni daktari, au ni bwana jela? Na akifa, je, asaliwe? Swali hili ni zito, wala si la vitabuni tu. Mwezi Februari wa mwaka 2025, jirani zetu wa Uganda walimwona Dakta Kizza Besigye, ambaye mwenyewe ni tabibu kwa elimu yake, akiletwa mahakamani Kampala amekonda na hana nguvu. Alikuwa amegoma kula ndani ya gereza la Luzira, akipinga kuendelea kuzuiliwa ilhali Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuamua, tarehe 31 Januari, kuwa raia hawapasi kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Siku mbili baada ya kuonekana mahakamani alipelekwa katika zahanati huko Bugolobi, na siku chache baadaye, serikali iliposema kuwa kesi yake itahamishiwa mahakama ya kiraia, akaacha mgomo. Basi mambo haya yako karibu nasi.

Sisi Waswahili tunalo neno letu la kale kwa jambo hili, nalo ni kususa. Mtoto hususa chakula akinyimwa ruhusa ya kwenda ngomani, na mke hususa mumewe akimkera. Na wahenga wakamjibu mwenye kususa kwa kejeli: wewe ukisusa, wenzio wanakula. Kejeli hiyo ina ukweli ndani yake, maana kususa hakuna nguvu ila mbele ya mtu anayejali kuwa umesusa. Ndiyo sababu mama hususa mbele ya mwanawe, wala hasusi mbele ya mpita njia. Na mfungwa anayegoma kula anasema kwa kitendo chake: nimenyimwa ulimi, nimenyimwa wakili, nimenyimwa hakimu, nimebakiwa na tumbo langu hili tu, na kwa hilo nitasema nanyi.

Katika historia ya dini yetu mgomo wa kula ulitokea mapema mno, tena ndani ya nyumba ya Sahaba mkubwa. Imamu Muslim amepokea kisa cha Saad bin Abi Waqqas, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Aliposilimu, mama yake alikasirika, akaapa kuwa hatasema naye, wala hatakula, wala hatakunywa, mpaka mwanawe aikanushe dini yake. Akamwambia kuwa Mola wako amekuamuru uwatendee wema wazazi, na mimi ndiye mzazi wako, nami nakuamuru jambo hili. Akakaa siku tatu hali hivyo, hata akazimia kwa udhaifu. Ndipo mwana wake mwingine, aliyeitwa Umara, akasimama akamnywesha maji. Alipozindukana akaanza kumwapiza Saad. Zikateremka aya ambazo tunazisoma katika Suratul Ankabut na Suratu Luqman, zenye kumwamuru mtu asiwatii wazazi wake wakimshurutisha kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na papo hapo zikamwamuru akae nao kwa wema katika dunia.

Tuitazame vizuri sehemu hii ya mwisho. Dai la mama huyu lilikuwa batili, wala hapana Mwislamu atakayesema Saad alipaswa kulikubali. Lakini ubatili wa dai haukuuondoa wajibu wa kumtunza mwenye kudai. Maji alipewa. Wema uliamrishwa. Dai lilikuwa na jawabu lake, na mwili ukawa na jawabu lake jingine. Kanuni hii twaiona kuwa ndiyo ufunguo wa mlango wote, kwa kuwa watu wengi, wakisikia mtu amegoma kula, huuliza kwanza kama yuko upande wetu. Akiwa upande wetu, tunamwita shujaa na kumsahau kuwa anakufa. Akiwa si wetu, tunasema mwacheni, kwani nani amemkataza kula?

Sasa tueleze hukumu ya yule mwenyewe anayegoma. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratun Nisaa tusiziue nafsi zetu, na katika Suratul Baqara tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi. Bwana Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba zake kuunga saumu usiku na mchana bila ya kufuturu. Walipong'ang'ania, akaendelea nao siku moja, na siku ya pili, hata mwezi ukaandama, ili waonje wenyewe uzito wa walilolitaka. Imamu Ghazali, alipoeleza maana ya kutawakali katika Ihyaa, alizigawa njia za kuondoa madhara: ziko zenye yakini, kama mkate kwa njaa na maji kwa kiu, ziko za dhana, kama dawa nyingi, na ziko za kubahatisha. Mwenye kuacha ya yakini wakati wa kuogopa kifo hakuwa ametawakali, bali ametenda haramu. Hapa pana tofauti ambayo wanafunzi wetu waishike. Mgonjwa anaweza kusubiri asitumie dawa fulani, kama yule mwanamke mwenye kifafa aliyekhiari subira kwa ahadi ya Pepo, wala hakulaumiwa. Chakula si kama dawa. Kwa rai yenye nguvu kwa wanavyuoni wengi, hata nyamafu, ambayo ni haramu, humlazimu kuila mtu aliyebanwa na njaa ya kufisha.

Basi je, kila mgomo wa kula ni haramu? Wanavyuoni wa zama hizi wamehitilafiana. Wako walioukataza kabisa. Wako waliosema kuwa mfungwa aliyedhulumiwa, asiyekuwa na njia nyingine, anaweza kuacha kula kwa kadiri ya kuwashitua wenye nguvu, maadamu hakusudii kujiua na haufikishi mwili wake kwenye maangamizi. Sisi twaelekea kwenye kauli hii ya pili, kwa sharti lake lote, tukikumbuka kuwa hata Salman Al-Farisi, alipomzuru ndugu yake Abu Dardaa akamkuta amejikalifisha kwa saumu za sunna, alikataa kugusa chakula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye. Nako kulikuwa ni kususa, tena kususa kwa kheri! Akamweleza haki za nafsi yake na za ahali yake, na Bwana Mtume akasema kuwa Salman amesema kweli.

Lakini sharti hilo la kutoufikisha mwili kwenye maangamizi halitekelezeki ila na mtu anayejua maangamizi yanaanzia wapi. Kwa ajili hiyo elimu ya tabibu hapa imekuwa sehemu ya fikihi.

Siku mbili tatu za mwanzo, mwili hutumia akiba ya sukari iliyomo katika ini. Ikiisha, huanza kuyeyusha mafuta, na pamoja nayo nyama ya misuli, hata msuli wa moyo haunusuriki. Baada ya siku chache njaa yenyewe hupungua kuuma, na hapo mtu hudanganyika akadhani amezoea. Akipungukiwa sehemu moja katika kumi ya uzito wake, yaani kilo 6 kwa mtu wa kilo 60, inampasa awe chini ya macho ya daktari. Na aliyeanza akiwa mwembamba asingoje hata hapo. Yapata wiki ya tatu hushikwa na kizunguzungu kila asimamapo, husikia baridi, na moyo hupiga polepole. Kati ya siku ya 35 na ya 42 macho huanza kuchezacheza, akaona vitu viwili viwili, akatapika hata maji, na waliopona wamesema kuwa siku hizo ni mbaya kuliko zote. Baada ya siku ya 45 mauti yaweza kuja saa yoyote. Wafungwa kumi waliokufa kwa mgomo katika Ireland ya Kaskazini mwaka 1981, aliyekufa mapema alikufa siku ya 46, na aliyechelewa siku ya 73.

Hesabu hizo zote ni za mtu anayekunywa maji. Asiyekunywa maji hahesabiwi wiki, anahesabiwa siku. Nasi wakazi wa uwanda huu wa kati tunajua upepo wetu ulivyo mkavu: jasho hukauka kabla ya kuonekana, na mtu hupungukiwa maji naye hajijui. Matabibu wanashauri mwenye kugoma anywe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na chumvi kiasi cha nusu kijiko cha chai. Tena apokee vitamini B1, maana akiba yake mwilini haizidi wiki chache, na ikiisha hudhurika ubongo. Wako wafungwa wa Uturuki, wa mgomo mrefu ulioanza mwaka 2000, waliotoka hai lakini kumbukumbu zao zimeharibika, asijue mtu asubuhi alikula nini. Kunywa maji, chumvi na vitamini si kuuvunja mgomo wala si unafiki. Kijana anayewacheka wenzake kwa sababu wanakunywa maji hajui analocheka.

Na wako watu ambao mlango huu umefungwa kwao tangu mwanzo. Mwenye kisukari, akijidunga sindano yake kama kawaida na tumbo ni tupu, sukari hushuka ikamwua. Na akiiacha, sukari hupanda ikamwua vile vile. Mwenye mimba ana nafsi ya pili ambayo haikuulizwa. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kutumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya Ukimwi, na mtoto ambaye hajabaleghe, hawa tunawaambia wazi kuwa hatuoni ruhusa kwao.

Wanafunzi wapenzi, tuna neno la ziada kwenu. Watu wakigoma kwa kundi, hutokea mmoja akataka kuacha akaogopa macho ya wenzake. Huyo hagomi tena, amekuwa mfungwa mara mbili. Kwa hiyo Jumuiya ya Madaktari Duniani, katika Azimio lake la Malta la mwaka 1991, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2017, imemtaka daktari azungumze na kila mgomaji peke yake, faragha, askari wasisikie na wenzake wasisikie, ajue kama amegoma kwa hiari na kwa akili timamu, na amweleze madhara yote bila kumficha. Daktari huyo asiwe ulimi wa bwana jela, wala asiwe mpiga debe wa mgomo. Siri ya mgonjwa ni amana kwake. Twaliona jambo hili kuwa sawa kabisa na adabu ya Kiislamu katika kumpa nasaha mtu.

Sasa lile swali gumu: je, alishwe kwa nguvu? Katika mapokezi mengine ya kisa cha mama yake Saad imesimuliwa kuwa walipotaka kumlisha walikuwa wakikitanua kinywa chake kwa fimbo, kisha wakamtilia chakula. Kuna watu wameshika maneno haya wakasema: hii hapa hoja. Hii si hoja. Waliofanya hivyo walikuwa jamaa zake wa Makka, na kisimulizi kinatueleza walivyofanya, hakituamrishi tufanye. Kulisha kwa nguvu maana yake ni kumfunga mtu mikono na miguu, kumpitishia mpira puani mpaka tumboni, naye anapigana. Mpira ukikosea njia ukaingia kwenye pafu, chakula humwua upesi kuliko njaa. Mwaka 1980 wafungwa wawili wa Kipalestina walikufa baada ya kulishwa kwa nguvu katika mgomo wa gereza la Nafha. Mwaka 2013, katika gereza la Wamarekani la Guantánamo, zaidi ya watu 100 katika 166 waligoma, na makumi yao wakalishwa kwa mipira. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, wakuu wa gereza walitangaza kuwa watawalisha usiku, kabla ya alfajiri na baada ya magharibi, ili waichunge saumu yao. Enyi Waislamu, zitazameni heshima za namna hiyo! Wanaichunga saumu ya mtu waliyemfunga mikono. Alikuwamo gerezani humo ndugu yetu mmoja wa Kenya, aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007, akarudishwa kwao Desemba 2024, wala hakuhukumiwa kwa kosa lolote katika miaka hiyo yote.

Azimio la Tokyo la mwaka 1975, na lile la Malta, yamemkataza daktari kumlisha kwa nguvu mtu mwenye akili timamu aliyekataa kwa hiari yake. Nasi katika hilo twakubaliana nao, kwani kumnasihi mtu ni jambo moja na kumvunjia hishima ya mwili wake ni jambo jingine. Palipo na ugumu ni pale anapozimia. Azimio la Malta linasema kuwa kama aliacha maagizo, na ikawa ni dhahiri aliyaacha kwa hiari, yaheshimiwe. Kama hakuacha, daktari afanye analoona lina maslahi kwa mgonjwa. Sisi tunamfuata Umara. Alipozimia mama, alisimama akamnywesha. Mwenye kuzimia hasusi tena, ni mgonjwa mahututi kama mwingine, na kuokoa nafsi moja ni sawa na kuwaokoa watu wote. Lakini hatutaki kumtia daktari baina ya sheria ya kazi yake na fatwa yetu. Kwa hiyo tunamwambia Mwislamu anayegoma: kabla hujaanza, andika kwa mkono wako, mbele ya mashahidi, kuwa siku utakapopoteza fahamu umeridhia utibiwe. Karatasi hiyo haikupunguzii nguvu za dai lako. Inakutoa katika shaka ya kujiua, na inamtoa daktari katika tabu.

Na jamaa zake? Katika mgomo ule wa Ireland, mwishoni mwa Julai 1981, mama mmoja aliona mwanawe amezimia, akawapa madaktari ruhusa ya kumtibu. Mwanawe akapona. Familia nyingine zikafuata mfano wake, na tarehe 3 Oktoba mgomo ukamalizika. Kuna waliomlaumu mama yule kuwa amewavunja nguvu. Sisi hatumlaumu. Na akina mama wa Kenya walituonyesha upande mwingine wa jambo hili hili: tarehe 28 Februari 1992 walikaa katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakagoma kula ili wana wao waliofungwa kwa siasa waachiwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi, Profesa Maathai akapigwa hata akazimia, akalazwa hospitali. Madhara makubwa waliyoyapata siku ile hayakutoka kwenye njaa. Akina mama wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa humo muda wa mwaka hivi, wakiwa wanakula na kunywa, wanangoja, mpaka mwanzoni mwa 1993 wengi wa wana wao walipokwisha kufunguliwa. Aghalabu watu hukumbuka siku nne tano za njaa, wakausahau mwaka mzima wa kukaa na kungoja, ambao kwa maoni yetu ndio uliofanya kazi kubwa.

Mfano wa kinyume ni wa Khader Adnan, Mpalestina, mwoka mikate, baba wa watoto tisa. Alikwisha kugoma kabla, na mgomo wake wa siku 66 uliokwisha Februari 2012 ulimfungulia mlango wa kutoka. Alipokamatwa tena Februari 2023 aligoma mara moja, akakataa na matibabu. Daktari wa chama cha madaktari watetezi wa haki za binadamu alimzuru akaonya kuwa mtu huyu anakaribia kufa, apelekwe hospitali. Hakupelekwa. Tarehe 2 Mei, baada ya siku 86, alikutwa hana fahamu ndani ya chumba chake cha gereza, akafa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wapo wanaobishana kama kosa lilikuwa lake au la waliomfunga. Mwenye funguo za mlango ndiye mwenye dhima ya aliyemo ndani, na aliyeonywa na tabibu akanyamaza hana udhuru.

Ndugu wasikilizaji, sehemu iliyobaki ndiyo tunayoitaka ifike katika kila nyumba, kwa sababu inahusu siku ambayo mgomo umekwisha na watu wanafurahi.

Wazee wetu wa Ugogo wanaikumbuka kwa kusimuliwa njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo jeshi la Wajerumani na kisha la Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, mvua nayo ikakataa, likaja na homa la mafua kumalizia. Maelfu walikufa. Katika njaa kubwa za dunia, na kwa wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, jambo moja liliwashangaza waokozi: watu walionusurika na njaa walikufa baada ya kushiba. Sababu yake sasa inajulikana. Mwili uliokaa na njaa umezima mitambo yake. Ukiutia chakula kingi ghafla, hasa cha wanga na sukari, madini yaliyobaki katika damu, fosfeti, potasiamu na magnesiamu, huvutwa kwa nguvu ndani ya chembe za mwili, damu ikabaki haina. Moyo hukosa mpigo wake, pumzi hukatika, mwili hujaa maji. Na sukari ikitangulia kabla ya vitamini B1, hata ikiwa ni ya dripu, ubongo waweza kuharibika siku hiyo hiyo.

Fikirini basi desturi zetu. Mtu ametoka gerezani baada ya siku ishirini bila chakula. Jamaa wamechinja mbuzi, pilau limepikwa, soda zimepangwa juu ya meza, na kila shangazi anataka ale kutoka mkono wake. Mapenzi hayo yanaweza kumfikisha kaburini. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila chakula ana hatari. Aliyepita siku 10 ana hatari kubwa, na huyo apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa nyumbani, apimwe damu, apewe vitamini, kisha aanze kwa kiasi cha kalori 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku nzima. Kwa mtu wa kilo 60 ni vikombe vichache tu vya uji mwepesi wenye maziwa, tena kidogo kidogo, kutwa. Huongezwa siku hata siku kwa muda wa wiki au zaidi, daktari akitazama. Mama aliyewahi kumlaza mtoto mwenye utapiamlo mkali analijua jambo hili: mtoto hupewa kwanza maziwa mepesi yaitwayo F-75, wala hapewi ugali ingawa analia. Mtu mzima aliyegoma mwili wake ni ule ule.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Mola wao walikutwa makaburini, zaidi ya miili 400 ikafukuliwa. Baadhi ya waliookolewa waliendelea kukataa chakula katika makazi waliyopelekwa, na zaidi ya 60 wakafikishwa mahakamani kwa shitaka la kujaribu kujiua. Wao hawakuwa na dai lolote kwa mtu, walikuwa wamepotoshwa. Twaona haikuwa kazi ya hakimu, ilikuwa kazi ya tabibu na ya mtu wa kuzungumza nao taratibu mpaka mmoja wao akubali kijiko cha kwanza.

Limebaki swali la kusaliwa. Imepokewa na Muslim kuwa Bwana Mtume hakumsalia mtu aliyejiua kwa chembe za mishale. Wanavyuoni wengi wameeleza kuwa aliacha yeye ili kuwakemea watu, ama wengine husali. Ikiwa ni hivyo kwa aliyejiua kwa dhahiri, basi aliyegoma kutaka haki yake, akafikwa na mauti ambayo hatujui kama aliyakusudia, ni bora zaidi aoshwe, akafiniwe, asaliwe, azikwe makaburini pamoja na Waislamu wenzake, na nia yake aachiwe Ajuaye yaliyomo vifuani. Imamu asiifanye jeneza kuwa mimbari ya kumhukumu, wala wafuasi wasiifanye kuwa uwanja wa siasa mbele ya wazazi wake.

Na yeyote kati yenu atakayekwenda kumtazama mgomaji, awe ni katika gereza la Isanga au popote, asiende na sahani ya kumtamanisha wala na maneno ya kumtia hamasa. Aketi karibu, aseme kwa sauti ndogo, maana mtu wa njaa ndefu husumbuliwa na kelele na mwanga. Amuulize kama anakunywa maji, kama ameonana na daktari peke yake, na kama ile karatasi ameiandika. Akiona macho yake yanachezacheza au anatapika maji, atoke amtafute mganga wa gereza au mkuu wa zamu saa hiyo hiyo, alitaje jina la mgonjwa na saa, na amjulishe wakili na jamaa.

Ewe Mola wetu, wafariji waliofungwa kwa dhuluma, uwalainishe nyoyo walioshika funguo, uwape afya waliodhoofika. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.